Kwa Kijana Aliyenunua Jeki

Umelipa dola mia na kumi, na risiti umepewa.
Basi ni yako. Ila kabla hujaibeba
utazame huo mpini, umekatwa inchi tatu.
Mimi ni mfupi, na Odell Cress hakuwa na pesa ya jeki nyingine;
akaupunguza kwa msumeno, akasema,
Hii ni yako sasa, hata nikikufukuza kazi.

Tulianza ndani ya banda la kuku.
Usicheke. Banda lenyewe lilikuwa la Lorene, mkewe,
na kuku walipohamishwa ili injini iingie
manyoya yalizidi kutoka kwenye kabureta hadi mwezi wa tano.
Mayai yalinunua matairi. Matairi yakala mayai.
Odell akachora namba ubavuni kwa brashi ya ukutani,
sitini na moja, ile moja imeinama
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Wanaume wa Harlow Gap waliuliza, mbio gani hizi,
mizunguko mia nne na kona zote kushoto?
Lorene aliwajibu akiwa anapanga trei:
Kushoto ni mkono wa kike.
Ndiko mnakokuja kukopa mkiishiwa.

Miaka sita tulikuwa wa ishirini na tisa,
wa thelathini na moja, wa kuvutwa kwa kamba.
Kisha akaja Coy Stamper, kutoka kiwanda cha soksi,
mtoto aliyeisikia gari kwa makalio kabla ya masikio.
Usiku ule wa Agosti aliingia wa saba.
Niliruka ukuta. Pampu moja, pampu mbili,
upande wa kulia ukapaa,
upande wa kushoto ukapaa,
sekunde kumi na nne na nukta mbili.
Alitoka wa nne. Watatu wa mbele wakakumbatiana ukutani.
Bendera ya drafti ikapepea, na Odell
hakushangilia: alikaa juu ya tairi bovu
akifungua na kufunga chupa ya kahawa, hanywi.

Ndipo wakaja wenye viatu safi.
Kampuni ya sabuni. Karakana ya vioo, sakafu nyeupe
unayoona aibu kuitemea. Watu mia na arobaini,
na mmoja kazi yake kofia tu.
Nilipewa jeki mpya ya alumini,
nyepesi kama deni siku ya kwanza.
Hii niliificha chini ya benchi.

Tulishinda mara tatu tena. Halafu mara moja.
Halafu tukawa tunamaliza.
Wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka;
yetu haikupasuka, ilipangiwa bei.
Barua ya watu wa sabuni ilikuwa na mistari minne.
Lorene alipiga hesabu kwa kalamu ya risasi,
akafuta, akapiga upya, akaivunja kalamu.
Jumatatu ya Novemba Odell alituita kwa majina,
mmoja mmoja, wote mia na arobaini,
na alipofika kwa yule wa kofia akasahau,
na hapo ndipo sauti ilipomkatika.
Coy anaendeshea wengine sasa. Simlaumu.
Tumbo halina rangi ya timu.

Leo Odell hakuja. Lorene yule pale, ndani ya pikapu,
injini imezimwa, mkanda kaufunga.
Amenunua kitu kimoja tu: mizani ya mayai.

Sikiliza. Valvu inavuja; iongeze oili kila mwezi.
Pampu ya kwanza huikataa, ya pili huikubali.
Na ukishusha, shusha kwa mkupuo,
usimbembeleze mtu, gari ligonge chini:
dereva haoni nyuma, kishindo kile ndicho ruhusa yake.
Miaka ishirini na miwili sikuwa na neno jingine kwake.
Haya, lisogeze gari lako hapa karibu.
Mgongo wangu siku hizi si wa kubeba mbali.