Pampu Namba Tatu

Saa saba mchana, Sardinia. Mshale wa mafuta
umelala kwenye wekundu tangu kona ya kanisa,
na mke wangu hasemi kitu. Anahesabu kona.

Kituo kimefungwa. Mwenyewe kaenda kula,
kaacha ubao na mbwa.
Mbwa alitutazama kwa jicho moja, likamtosha.

Nikasoma kifuniko cha tangi mara tatu
kama anayesoma mkataba wa kiwanja:
kijani petroli, nyeusi dizeli, au ni kinyume?
Kwetu unashusha kioo, unasema "ya elfu thelathini,"
na kijana wa ovaroli anakuambia, "Bosi, tazama sifuri."
Huku hakuna wa kukuonyesha sifuri.

Kuna mashine. Nikaipa noti ya ishirini, ikaitema.
Nikainyoosha pajani, ikaitema.
Mke wangu akachomoa nyingine ndani ya pasipoti yake,
mpya, ngumu kama kadi ya harusi.
Hiyo ikamezwa bila asante.
Maandishi yakaniuliza jambo. Nikabonyeza tatu.

Gari letu lilikuwa namba mbili.

Ndipo kikaingia kigari cheupe chenye matope,
akashuka mama wa makamo, viatu vya zizini,
akanyanyua bomba la namba tatu, akalichomeka,
na kabla hajagusa pochi, mafuta yakaenda.
Akatazama juu, kama vile kuna mtu wa kumshukuru.

Nikapiga kelele kwa Kiswahili.
Lugha nyingine zote zilinitoka.

Alipoelewa, tone la mwisho lilishaingia.
Akacheka mpaka akashika paa la gari.
Pochini alikuwa na yuro kumi na moja
na picha ya mtoto asiye na meno.
Akafungua buti, akatoa jibini la kondoo,
zima, zito kama jiwe la kusagia,
akanibebesha. "Gavina," akasema,
akijigonga kifua kwa ufunguo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimeisema miaka mingi methali hii,
sikujua ina mpira na pampu.

Ile kumi ikatushusha mlima.
Yuro moja bado ninayo.

Siku ya nne, uwanja wa ndege wa Olbia,
binti wa magari ya kukodi alizunguka akitafuta mikwaruzo.
Akafungua mlango. Akasimama. Akanusa.
Akaandika neno refu kwenye fomu yake.
Hatukuuliza.
Tangi lilikuwa limejaa.