Lumbesa

Tangazo limebandikwa kwenye kioo cha steshenari, Makulu,
mstari wa pili: "Mwombaji awe na Shahada ya Kwanza ya Kilimo."
Nimeusoma nimesimama, nimeusoma nimechuchumaa,
nikamlipa Elikana mia mbili anitolee nakala
nikausome nyumbani kwa kalamu nyekundu,
kama nilivyosahihisha sura ya nne ya tasnifu yangu
mara kumi na moja.

Awe na.
Sijui kama ni kizingiti au ni dari.
Kwenye umri wameandika "usiozidi miaka arobaini na mitano";
kwenye shahada hakuna "isiyozidi".
Basi aliyenyamaza ameruhusu?
Au hakunifikiria kabisa,
kama fundi wa milango asivyomfikiria twiga?

Miaka sita nimehesabu mizizi ya mtama Hombolo,
inavyoshuka kufuata unyevu mvua ikikawia.
Mama, kule Mpunguzi, alichinja jogoo,
akawatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni daktari.
Kesho yake walikuja watatu:
mmoja goti, mmoja jicho, mmoja ng'ombe asiyetoa maziwa.
Wa ng'ombe nilijitahidi.

Elikana ana ushauri, wala hautozi:
"Ifute hiyo ya juu, dokta. Wengi wameifuta,
mimi ndiye ninayewachapia wasifu."
Wengi.
Nikawawazia hao wengi, maofisini Mtumba,
kwenye viti vinavyozunguka,
uzamivu wameukunja mfukoni
kama risiti ya ushuru.

Mdogo wangu Nyemo anauza karanga Majengo.
Nimemkuta uani Nkuhungu anapunguza gunia:
mgambo kamkamata na lumbesa,
kilichopita mdomo wa gunia kishushwe, ndiyo sheria.
Nikamsomea tangazo. Hakuinua macho.
"Mwenye mbuzi watatu, kwani hana mbuzi mmoja?"
"Anaye."
"Basi unayo. Shika hapa."

Nikashika. Lakini liko la pili
ambalo hakulisema, kwa kuwa ni mdogo wangu:
aliyeagiza mbuzi mmoja, ukimletea watatu,
huitazama kwanza bustani yake ya mchicha.

Saa nne usiku, siku ya mwisho. Upepo
unayachapa mabati kwa mchanga. Mfumo unauliza:
"Kiwango cha juu cha elimu."
Orodha inafunguka kwenda chini.
Cheti. Stashahada. Shahada ya Kwanza.
Kidole kimesimama hapo kwa muda
ambao mtu angemaliza kumenya sahani ya karanga,
kisha kikashuka,
kikashuka tena,
hadi neno la mwisho kabisa.
Nikabonyeza. Kiduara kinazunguka, mtandao hautaki haraka.

Mlangoni kuna beseni la karanga zilizoshushwa.
"Na hizi zilizozidi?" namuuliza Nyemo.
"Kesho naziuza kwa kikombe," anasema, anapiga mwayo.
"Hakuna mgambo wa kikombe."