Eda ya Bwana Penhale

Amekuja mwenyewe, hakutuma wakili.
Amevua glavu kidole kwa kidole,
kofia ya sufu kaitua juu ya fomu zangu,
theluji ikayeyuka, ikalowesha neno *tamko*.
Ghorofa ya nne, mtaa wa Slater, Ottawa,
na bomba la joto linagongagonga ukutani
kama mtu aliyesahau ufunguo.

"Miezi saba imekwisha," asema. "Imebaki mitano.
Hamwezi kunipunguzia?"

Alikuwa naibu waziri. Alikaa kichwani
pa ile meza ndefu iliyopanga bei ya insulini.
Sasa waitengenezao wanamtaka awe mshauri,
kwa mshahara niliousoma mara mbili
nikidhani nukta imepotea njia.

Fomu inasema *muda wa kupoa*.
Kwetu Kuze nilifunzwa jina fupi zaidi.
Shangazi Mwanaesha alikaa miezi minne na siku kumi,
bila wanja, bila udi, bila hina,
nguo moja ikifuliwa usiku ivaliwe asubuhi.
Nina miaka tisa, nikauliza:
anamngoja nani, na mume keshazikwa?
Bibi, mkono mmoja ndani ya ungo wa mchele:
"Yeye hangoji mtu. Twangoja sisi,
tujue tumboni mna nini, na ni cha nani."

Ndilo swali, Bwana Penhale.
Simu ya serikali umerudisha. Kadi ya mlango, pia.
Masanduku ya karatasi nimeyahesabu mimi:
kumi na moja, na la kumi na mbili picha za wanao.
Lakini ile namba ya juu kabisa,
bei ambayo serikali ingemeza mate ikalipa,
ile mliyonong'onezana Ijumaa mlango ukiwa umefungwa,
hiyo uliiacha katika sanduku gani?
Umetoka nayo.
Koti ni pana, haijaonekana bado.

Anacheka kidogo. Si mtu mbaya.
Aliwahi kunizuilia lifti kwa mguu,
akalitamka jina langu, Mwanakheri,
kwa shida, lakini lote.

"Na nikiwajibu simu tu?"
Hapana.
"Chakula cha mchana na vijana wangu wa wizarani?"
Nani analipa?
Kimya.
"Basi nikae tu?"
Kaa, bwana. Shangazi alikaa na kibaba cha unga.
Wewe una pensheni, na nyumba ya pili ziwani.

Ndipo nikauliza habari za kikapu.
"Kikapu gani?"
Cha Krismasi. Peasi, jibini, chupa moja,
na kadi iliyoandikwa *Tunakuwaza*.
Mwenye kufiwa hudokezwa, haposwi;
masheikh wameumiza vichwa karne na karne
kwa ajili ya mpaka huo mwembamba kama uzi.
Kwako wewe hata dokezo
lina mstari wake, ukurasa wa tatu, na umeuacha mtupu.

"Peasi tulikula," asema,
na kwa mara ya kwanza anatazama viatu vyake.

Naandika *bado*. Herufi nne. Nagonga muhuri.

Ukijipinda dirishani, mfereji waonekana kipande.
Wafanyakazi wawili wa jiji wanatoboa barafu kwa keekee,
wanatumbukiza rula, wanasoma, wanatikisa kichwa.
Bendera nyekundu haijashushwa.
Ukingoni watoto, viatu vya kuteleza shingoni,
wanawatazama kwa chuki safi kabisa.
Bwana Penhale naye anawatazama,
kitambo kirefu kuliko nilivyotarajia,
kisha anavaa glavu na kuondoka bila kuaga.

Kofia ameisahau.
Nimeiweka juu ya bomba ikauke.
Atairudia mwenyewe, au atatuma mtu,
na huyo mtu nitamuuliza anafanya kazi wapi.