Jibu kwa Nsimire, Anayetaka Gari Kama Langu

Umeuliza kwa ujumbe mfupi, kama kawaida yako:
"Dada, ninunue au niache?"
Siku tatu nimekaa na swali hilo.
Leo Snel wamekata umeme, simu inazimika,
basi nakuandikia kwa kalamu.

Wanaliita mseto.
Nusu mafuta, nusu umeme,
kama sufuria yenye mahindi na maharage,
huyu akimngoja mwenzake aive.
Ukiliwasha halisemi kitu.
Asubuhi ya kwanza nilidhani nimeibiwa,
dola elfu sita na mia nne,
likelemba ya miaka miwili,
nikabonyeza, nikabonyeza tena,
hadi mlinzi akacheka:
"Mama, linakungojea wewe."

Unaujua Bukavu, hakuna pa kuweka yai lisiviringike.
Lile kuukuu tulishuka nalo kutoka Kadutu
kwa sala na harufu ya breki.
Hili likishuka, linakula.
Mshale mdogo unageuka kwenye kioo cha mbele yangu,
betri inajaa kama ndoo chini ya mchirizi wa bati,
nikifika Nyawera nina akiba ya kupandia.
Cirhuza, yule wa mafuta ya vidumu,
siku hizi ananisalimia kama shemeji wa ndoa iliyovunjika.

Lakini usukani uko kulia, Nsimire,
na barabara yetu haikuambiwa.
Siwezi kulipita lori bila kumuomba abiria:
"Mama, chungulia, kuna kitu kinakuja?"
Juzi abiria wangu alikuwa beseni la sambaza.

Lakini tumbo lake liko chini.
Mawe ya njia ya Panzi yanalijua kwa jina.
Mvua ya Novemba ikishuka na tope,
nalipaki kwa mwalimu Buhendwa, napanda kwa miguu,
viatu mkononi.

Na betri yenyewe iko chini ya kiti cha nyuma,
ina tundu la kupumulia, dogo kama sikio la mbuzi.
Niliegemeza hapo mfuko wa unga wa muhogo.
Wiki moja tu.
Ikawaka pembetatu nyekundu.
Fundi Zihalirwa akainamisha kichwa juu ya injini
kama alivyofanya kwa lori la baba,
akasikiliza, akasikiliza.
"Hili haliniambii panapouma," akasema,
akajifuta mikono isiyo na uchafu.
Dawa ilitoka Kampala:
dola mia nane, safari mbali.

Baba angelichukia. Yeye gari lilikuwa la kugombana nalo,
kutoka hapa hadi Uvira, akilitukana kila kona.

Pale sokoni niliteremka taratibu nyuma ya mama mmoja
aliyebeba makaa, kamba imemkata paji la uso.
Hakunisikia. Niliposimama
bampa ilikuwa imegusa kanga yake.
Akageuka, akaweka kiganja cheusi kwenye boneti nyeupe:
"Gari yako inatembea kama mwizi."
Sikuifuta alama ile hadi Jumapili.

Halafu ule usiku unaoujua,
mji umefunga madirisha, hakuna anayekohoa,
na uchungu umemshika Ntakwinja kabla ya siku zake.
Tulitoka uani taa zimezimwa,
matairi tu, yakisaga changarawe kama mtu anayetafuna kwa adabu.
Hatukuamsha mbwa.
Mtoto alizaliwa saa tisa, anaitwa Asifiwe,
anapiga kelele kwa niaba ya gari zima.

Sasa unataka neno moja.
Nunua, kama una mia nane nyingine
za kulaza chini ya godoro na kuzisahau.
Kama huna, panda pikipiki, usimwonee mtu wivu.
Ukishanunua, njoo kila Jumamosi asubuhi
tusafishe lile tundu la vumbi.
Mswaki wa ziada ninao.