Dole Gumba

Kilimani, chumba cha nyaraka, jalada la tatu leo.
Sitini na tatu: Nassibu Makungu, mjumbe wa Baraza,
saini ya wino wa kijani
imejikunja mkia kama tandu.
Sitini na nne, hayumo.
Hayumo kwa wafungwa, wala kwa waliovukia Tanga.

Kisha daftari la karafuu, Konde, sabini na moja:
*Faki Mgeni. Pishi nne. Hajui kusoma.*
Pembeni, dole gumba,
na kovu limelikata katikati —
jino la mbuzi ya nazi, utotoni;
bibi kanisimulia mara ngapi!

Nimelifunika kwa dole langu.
Karani anafunga madirisha.
"Umempata mtu wako?"
Nikajikung'uta vumbi mapajani.
"Bado," nikasema.