Hodi Isiyo na Jina

Foibe alikuwa Kibaigwa kwenye mahindi
usiku homa ilipopiga hodi.
Nikasema karibu kabla sijauliza ni nani,
maana nilidhani sauti naijua:
malaria, nani mwingine?
Nikanyoosha mkono juu ya kabati,
kwenye kopo la maziwa tunamoweka stakabadhi za zabibu
na vidonge vilivyobaki mwaka jana,
vinne, vya mtu mzima,
visivyojua uzito wa Nyemo.

Nyemo, mwaka mmoja na miezi minne.
Kiganja changu, kilichoota sugu kwa mkasi wa kupogolea,
hakisomi vizuri. Nikamgusa kwa shavu.
Bati la saa nane mchana,
na nje upepo wa Julai ulikuwa unapita Mpunguzi,
ule unaomlaza mbwa jikoni, kwenye majivu.

Kopo nikalishika. Sikulifungua.
Si kwa hekima. Tochi iliisha betri.

Asubuhi majirani wakaja na majina.
Yunisi wa ng'ambo ya korongo: "Meno hayo."
Ndahani, karanga mdomoni: "Jua la shambani.
Mmwagie maji ya baridi, tena mengi."
Shemeji kwenye simu, mtandao ukikatika:
"Ni jich... mfunge kiu... usimpel..."
Wote walimfahamu mgeni.
Hakuna aliyemwona uso.

Uji wa uwele akautapika.
Maji akayatapika.
Kikombe cha tatu akakigeuzia shingo,
macho yako kwangu lakini hayanitazami.
Hapo nikaacha kusikiliza.

Nilimfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake.
Vijana wa dukani wakacheka: baba kabeba!
Baiskeli ikazama mchangani mara mbili,
nikashuka, nikaisukuma,
joto lake likipenya shati kama pasi.

Muuguzi Perisi Malogo, kalamu imefungwa kwa uzi,
hakuuliza nadhani ni nini.
Tangu lini? Amenyonya, amekunywa?
Amestuka-stuka, amekakamaa?
Kohozi? Kuhara? Amekojoa mara ngapi tangu jana?
Kwa hilo la mwisho nilitazama viatu vyangu.
Mizabibu mia tatu naijua kiu yake mmoja mmoja.

Tone la damu kidoleni. Tukasubiri.
Mstari mmoja.
"Siyo malaria," akasema,
nami nikajisikia kama niliyemsingizia mtu wizi.

Basi ukatafutwa mkojo.
Nimekaa barazani na kichupa, saa nzima,
kijiko cha maji, kingine, kingine.
Mimi Mgogo, nimengoja mvua tangu nizaliwe;
sijawahi kuingoja hivyo.
Ilipokuja ilinilowesha mkono mzima
na nikacheka peke yangu kama kichaa.

Maambukizi yalikuwa humo, kwenye njia ya mkojo.
Hapana meno, hapana jua, hapana jicho la mtu.

"Homa nyingi hupita zenyewe," Perisi alisema,
huku akinipimia dawa ya maji kwenye mwanga,
"ila kuna zisizongoja.
Akishikwa degedege, njoo.
Shingo ikikaza, au pumzi zikienda mbio
na mbavu zinaingia ndani, njoo.
Ukimwamsha asiamke, njoo usiku huo huo.
Na kichanga wa chini ya miezi mitatu akichemka,
chai ikiwa jikoni, iache."
Kisha akanyoosha mkono: "Na hivyo vidonge vya kwenye kopo."
Sikuwa nimemwambia. Anatujua.

Usiku wa pili, kama saa tisa,
alijigeuza, akasema "maa,"
na sikujua kama ni maji au mama.
Nilimpa nilichokuwa nacho. Akamaliza.

Foibe alirudi Ijumaa na magunia mawili.
Alimbusu mtoto, akalitikisa kopo,
akauliza mbona halilii.