Vidole vya Mdakaji

Hiki cha shahada kilipinda Worcester, mwezi wa Mei,
mpira wa Ambrose Keough ulipozama ghafla
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Hiki cha kati ni Buffalo, siku ya mvua.
Gumba sikumbuki. Nadhani mara mbili.
Daktari akiniambia ni baridi yabisi
namjibu: hapana, bwana, hii ni barua,
aliniandikia mtu asiyejua kuandika.

Nilimwona kwanza kiwandani, Fall River,
ana miaka kumi na tisa, nyusi nyeupe kwa vumbi la pamba,
anatupa kapuni vijiti vya uzi vilivyobaki uchi,
hatua ishirini, bila kutazama,
huku akibishana na msimamizi juu ya bei ya viazi.
Bwana Pettibone, mwenye timu, aliyeuza pia majeneza,
akamwahidi dola kumi na mbili kwa wiki.
Ambrose akachora msalaba penye jina,
akauliza, "Yaani nalipwa kwa kutupa?"
Akacheka hadi akakohoa.

Glavu? Aliyevaa glavu alizomewa.
Mimi nilificha kiganjani kipande cha nyama mbichi;
kufikia raundi ya sita kimelainika kwa kipigo,
na Ambrose ananipigia kelele kutoka kwenye mstari wake:
"Lemuel, usikitupe, tutakila!"
Sheria ilitaka mkono upite chini ya kiuno.
Ulipita chini, ukachomoka kama mwizi mlangoni,
na mpira ukaenda kulia, ukajuta, ukarudi.
Mwalimu mmoja wa chuo aliandika gazetini
kwamba mpira haupindi hewani, macho hudanganyika.
Nilipomsomea, akasema, "Mwambie aje na rungu."

Kiangazi kile alirusha michezo sitini na minane.
Jumatatu, Jumanne, Jumatano,
treni, mchezo, treni,
bega likinuka tapentaini behewa zima.
Umati uliliimba jina lake. Mgema akisifiwa
tembo hulitia maji; huyu alitia damu.
Kufikia Septemba alichana nywele kwa mkono wa kushoto,
na kofia nilimvisha mimi,
kisha tukatoka uwanjani kama watu wasio na siri.

Providence. Tunaongoza kwa moja.
Akarusha, nami nikajua kabla ya mpigaji,
kabla ya Pettibone na daftari lake:
mpira haukuniuma.
Miaka mitano haijapata kutokea.
Umekuja mtiifu, mnyoofu, kama mtoto aliyetumwa chumvi.
Akanitazama.
Nikaukung'uta mkono, nikaupuliza,
nikajifanya umeniunguza.
Akatabasamu, maskini,
akarusha mwingine kama ule.
Huo uliruka ua, ukaangukia bustani ya kabichi ya mtu,
na mbwa akaenda nao.

Telegramu ya kumfukuza ilikuwa na maneno matano.
Ni mimi niliyemsomea. Niliongeza moja: ahsante.

Akarudi kwenye pamba. Alilolianza bega, kifua kikalimaliza,
mwaka ule ule walipowasogeza warushaji nyuma,
na magazeti yakawa na majina mapya ya kuandika.
Delia, mkewe, na mimi tulijaribu kumkunja mikono kifuani.
Wa kushoto ulitii.
Wa kulia ulibaki umenyooka kando, kiganja wazi,
nasi tukauacha.
Pettibone hakutupunguzia hata senti moja ya jeneza.

Asubuhi mke wangu hunifunga vifungo vya shati.
Theluji ikikaribia sihitaji gazeti:
Worcester huanza, Buffalo hujibu.
Gumba bado linabisha ilikuwa wapi.